Baridi Inayonuka Kibua

Gari langu lina vitufe vitatu vya kuzungusha pale mbele, chini ya redio ambayo nayo haisemi, na katika vyote vitatu hakuna hata kimoja kinachosema kweli. Cha kwanza ni cha feni, kina namba moja mpaka nne. Moja hakuna kitu. Mbili hakuna kitu. Tatu unasikia kama mtu anakohoa nyumba ya jirani. Ukifika nne inawaka yote kwa mpigo mmoja, inanguruma kama mashine ya kusaga, na karatasi zote zilizo mbele zinahamia kiti cha nyuma. Cha pili ni cha moto na baridi, kimepakwa buluu huku na nyekundu kule. Cha tatu kina picha ya mtu amekaa kitini anapigwa mishale: ya usoni, ya tumboni, ya miguuni. Mimi shule niliishia darasa la pili, mwalimu alinichoka nami nikamchoka, lakini picha nazisoma. Siku ya kwanza kuiona ile nilidhani gari linanionya.

Gari lenyewe nilipewa na mkwe wangu, aliyemuoa binti yangu, alipopata jingine jipya. Nilishukuru sana. Baadaye nikagundua kwamba mtu hakupi ng'ombe anayekamuliwa, lakini shukrani nilikuwa nimeshazitoa, sikuweza kuzirudisha.

Basi kwa miaka miwili mizima nililiendesha lile gari likinipulizia moto. Nikitoka Zinga kwenda Bagamoyo mjini, safari fupi tu, nafika nimelowa kama nimeogelea. Nikajua ndivyo magari yalivyo. Nikasema labda ni jua, labda ni uzee, labda ni ile suruali ya kitambaa kizito niliyonunua mnadani. Habari ya hita sikuwa naijua. Huku kwetu nani anataka hita? Mtu wa pwani akihisi ubaridi anajifunika kanga ya mkewe basi, kumekwisha.

Sasa niseme ukweli kwa nini hatimaye nililipeleka gari kwa fundi. Haikuwa joto. Ilikuwa mwanamke.

Mke wangu alikuwa amefariki, Mungu amrehemu, mwaka wa nne ule. Nyumba ilikuwa inanishinda, hasa jioni, na wali wangu hata kuku walikuwa wanautazama kwanza. Nilikuwa napeleka nazi Chalinze, pale wanapopaki malori, na pale palikuwa na mama mmoja mjane, mtu wa Vigwaza, anauzia madereva chai na chapati. Mama yule alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kila moja linakaa mahali pake kama jiwe la msingi. Madereva wakubwa wenye matumbo walikuwa wanamwogopa. Mimi nikawa nanunua chapati zaidi ya ninazoweza kula. Nyingine nilikuwa nampa mbwa wa pale, mpaka mbwa naye akanizoea akawa ananipokea garini.

Siku moja kaka yake alikuwepo, amekuja kumsalimia. Mkulima, mrefu, mkavu, uso wa mtu anayesubiri kudanganywa. Akaniuliza, "Na wewe unakuja tu kutoka Zinga na nazi mbili tatu? Joto lote hili?"

Hapo ndipo ulimi uliponiponza. Nikasema, "Mimi joto nalisikia kwa watu, ndugu yangu. Gari langu lina kiyoyozi, baridi yake mwenye jino bovu hapandi."

Kwa nini nilisema vile sijui. Nadhani kwa sababu mama yule alikuwa anamimina chai na mkono ulisimama kidogo.

Baada ya miezi kadhaa nikatuma posa, kwa heshima, kwa kupitia mzee mmoja wa msikiti wa kule. Mwenyewe hakukataa. Lakini kwetu, hata mwanamke awe mtu mzima namna gani, ana walii wake wa kumwozesha, na walii alikuwa yule kaka. Majibu yakaja kwa simu, kaka mwenyewe anasema. "Ndugu yetu kifua chake hakitaki joto. Alishawahi kuzimia ndani ya basi. Hatumtoi aende kubanikwa. Wewe umesema una gari la baridi. Basi Jumapili njoo ututwae mimi na yeye, tukaone nyumba. Tukiridhika, tutasema ndiyo. Tusiporidhika, utaturudisha na mambo yameishia hapo."

Nikajibu, "Sawa sawa, shemeji."

Akasema, "Usiniite shemeji bado," akakata simu.

Ile kuja kuona nyumba ni desturi, sikuiogopa. Wanatazama paa, choo, kisima, wanapima jirani ana kelele au hana. Nyumba yangu ni nzuri, ina upepo. Nilichoogopa ni njia ya kufika nyumbani.

Ndiyo nikaenda kwa fundi, pale Bagamoyo, kijana wa makamo mwenye watoto watatu na meno yote. Nikamwambia gari linanipulizia moto, nataka lipulize baridi. Akajilaza kichwa chini, miguu nje ya mlango, akaingiza uso chini ya dashibodi upande wa abiria. Akakaa humo muda mrefu nikadhani amelala.

"Mzee," sauti ikatoka huko ndani, "humu kuna mlango mdogo. Ukienda huku unaleta moto, ukienda kule unafunga moto. Waya unaouvuta umechomoka. Mlango umebaki upande wa moto."

"Tangu lini?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye uliyekuwa unaiva."

Akachukua kipande cha waya wa kufungia nondo, akaufunga ule mlango upande wa baridi, akaukaza kwa koleo. Moto ukakatika. Sikuamini. Miaka miwili, na dawa ilikuwa waya wa shibiri moja!

"Sasa baridi," nikasema.

"Baridi ya wapi, mzee? Gesi hakuna, bomba limetoboka, na mashine yake ya AC imekufa zamani. Huenda ilifia huko huko Ujapani, likaletwa gari na maiti ndani."

"Lakini nikibonyeza swichi yake, kitaa kinawaka!"

"Kitaa kinawaka. Hata makaburini ukivuta umeme taa itawaka, lakini hakuna atakayeamka."

Akanieleza kwamba vifaa viagizwe Dar, na wiki mbili zipite, na mambo mengine mengi. Mimi nilikuwa nasikia neno moja tu, Jumapili. Nikamuuliza kama hakuna namna yoyote, hata ya siku moja. Fundi akacheka, akafuta mikono. "Weka barafu basi! Ukibonyeza hiki chenye picha ya gari na mshale wa kuzunguka, feni inavuta hewa ya humo humo ndani, hapo miguuni pa abiria. Weka barafu hapo, mzee, iwe AC ya kienyeji."

Yeye alikuwa anatania. Watu waliosoma wakitania huwa wanacheka kwanza, nami nilikuwa nimeangalia pembeni.

Jumapili alfajiri, baada ya swala, nikaenda soko la samaki nikanunua barafu. Wapi pengine utapata barafu ya kutosha alfajiri ile? Wanaivunja kwa nyundo, wanaimwaga juu ya samaki. Nikajaza kapu kubwa la ukindu, nikalitandika karatasi la nailoni ndani, nikafukia barafu kwa maranda ya mbao isiyeyuke, nikafunika kwa kanga safi, nikalikaza pale miguuni pa abiria. Nikawasha feni namba nne. Wallahi, ubaridi ulikuja! Mdogo, mwembamba kama wa mtu anayekupulizia uji, lakini ulikuja. Nikaimba njia nzima.

Harufu sikuisikia. Hilo nalisema kwa kiapo. Mimi nimezaliwa ndani ya harufu ya samaki, mama yangu alikuwa mkaanga samaki, nguo zangu za Idi zilikuwa zinanuka samaki. Pua yangu haiihesabu kama harufu.

Nikafika Vigwaza wako tayari. Mama yule amevaa baibui jeusi na mtandio wa rangi ya zabibu, sitaki kusema zaidi. Kaka mtu amevaa kanzu nyeupe, koti juu yake, na viatu vyeusi vilivyong'arishwa mpaka unajiona. Nikampa shikamoo. Mpaka leo nina hakika mimi ni mkubwa kwake, lakini mposaji hahesabu miaka. Yeye akaitika "Marahaba!" haraka haraka, bila haya kabisa.

Akapanda mbele. Dada yake nyuma. Akatazama kapu. "Hiki nini?"

"Amana," nikasema. "Zawadi. Usikiguse, shemeji, kitafunguliwa nyumbani."

"Usiniite shemeji bado." Akainusa hewa. Uso wake mkavu ukalainika kidogo. "Ni samaki?"

Ningesema nini? "Ndiyo," nikasema.

"Samaki gani?"

"Changu."

"Changu wakubwa?"

"Wakubwa," nikasema, na hapo nikajua uongo wa kwanza umeoa, umezaa.

Tukaondoka. Kaka mtu akafunga vioo vyote mwenyewe, akasema tusiache baridi itoke, maana baridi ni kitu cha thamani. Akaniamuru niwashe. Nikabonyeza, kitaa kikawaka, nikazungusha namba nne. Feni ikanguruma. Kapu likatoa pumzi yake.

Akanusa tena. Kisha akapaza sauti juu ya ile ngurumo, "Baridi yako inanuka kibua!"

"Ndiyo baridi ya pwani hiyo!" nikapaza na mimi.

Huko nyuma nikaona kwenye kioo mama yule amefunika mdomo kwa mtandio. Nilidhani ni harufu. Siku hizi najua alikuwa anacheka.

Feni ile haina maongezi ya taratibu. Ukitaka kusema neno, ulipigie kelele kama uko shamba na mwenzio yuko ng'ambo ya bonde. Na kaka mtu alikuwa amekuja na maswali yake, ameyapanga. Tumepita Chalinze tukashika barabara ya Msata, ananihoji. "Wake wangapi umewahi kuoa?" "Wawili! Mmoja alifariki! Wa kwanza tuliachana!" "Kwa nini mliachana?" "Alisema nasema sana!" "Unakunywa?" "Kahawa!" "Una ugonjwa wowote?" Nikafikiri, mwanamke yule atakuja kugundua tu, bora niseme. Tulikuwa tunafika Msata pale njia panda, nikapunguza mwendo kwenye matuta, wauza machungwa wamezunguka gari, na feni ile, sijui ni waya gani ulilegea, ikazimika ghafla, kimya kabisa, katikati ya jibu langu.

"NAKOROMA! LAKINI NIKILALIA UBAVU NI AFADHALI!"

Wauza machungwa wote waliinama kutazama ndani. Mmoja akasema, "Pole, mzee." Kaka mtu akatazama viatu vyake. Tuta likarusha gari, waya ukarudi mahali pake, feni ikawaka tena, na katika maisha yangu sijawahi kuishukuru kelele kama siku ile.

Tukaacha Msata, tukaelekea Bagamoyo. Huko katikati ni pori, hamna nyumba, hamna maji. Barafu ilikuwa inaishiwa nguvu. Pumzi ya kapu imekuwa ya uvuguvugu. Kaka mtu amefungua vifungo viwili vya koti. Ndipo nikasikia sauti kutoka nyuma, ya taratibu lakini ilipenya ngurumo yote.

"Mzee, mshale wako wa moto uko wapi?"

Nikatazama. Kuna kisaa kidogo cha kuonyesha joto la injini. Mshale ulikuwa umepanda, umekaribia ule mstari mwekundu, na kwenye boneti kulikuwa na kamoshi kembamba.

"Usizime," akasema mama yule. Mimi nilikuwa tayari natafuta pembeni. "Ukizima hapa tutalala hapa. Rejeta ikichemka huwezi kuifungua, na maji hatuna. Washa hita."

"Hita?" tukasema mimi na kaka yake kwa pamoja.

"Hita. Maji ya injini yanapita humo kwenye hita. Ukiwasha, feni inavuta moto wa injini, unaingia huku ndani, injini inapoa. Madereva wangu wa Tunduma ndivyo wanavyofanya wakipanda mlima wa Kitonga na mzigo. Washa, uende polepole mpaka kijijini."

Miaka yote ile anamimina chai, kumbe anasikiliza. Nikazungusha kitufe upande mwekundu. Hakuna kitu. Bila shaka hakuna kitu, ule mlango mdogo tulikuwa tumeufunga kwa waya wa nondo. Ikabidi niseme. "Kuna waya. Hapo juu ya magoti ya shemeji. Inabidi ufunguliwe."

"Nani afungue?" akasema kaka mtu.

Mimi nashika usukani. Dada yake yuko nyuma. Gari zima likamtazama yeye.

Nataka mumwone yule mtu. Amevaa kanzu nyeupe na koti. Ameletwa aone baridi. Sasa anainama, kofia inaanguka kwenye kapu, anaingiza mkono chini ya dashibodi, anausokota waya ule kwa vidole, akijua kabisa kwamba ukifunguka moto utamjia yeye. "Huu?" "Huo." "Una hakika?" "Sina!" Na kile kitufe cha tatu, chenye mtu wa mishale, kilikuwa kimekwama zamani kwenye mishale ya miguuni. Sikuwa nimemwambia. Niliona habari mbaya moja kwa wakati mmoja inatosha.

Waya ukafunguka.

"YALLA!" Akainua miguu yote miwili, akaikanyaga dashibodi, viatu vyeusi vimegusa kioo. "Linanichoma! Hili ni gari au tanuri?"

"Kaka, shusha vioo," akasema dada yake.

"Sikupewa baridi, nimepewa jehanamu! Tena ya miguuni!"

"Shusha vioo, kaka. Mshale unashuka."

Na ulikuwa unashuka kweli. Kidogo kidogo. Tukashusha vioo vyote, hewa ya nje ikaingia, jua la saa tano, na kwa mara ya kwanza siku ile ndani pakawa na afadhali, ingawa mbele kulikuwa na mtu amekaa kama mtoto anayezaliwa vibaya. Tulikwenda hivyo, baiskeli zinatupita. Bwana mmoja mwenye mkaa kwenye baiskeli alitupita, akageuka kumtazama kaka mtu na miguu yake juu, akampa salamu ya heshima.

Tukafika Kiwangwa, kwenye mananasi. Nikapaki kivulini, mama yule akaomba maji kwa mwanamke anayeuza mananasi, akasema tusubiri kwanza injini itulie, nami nikasubiri. Nilikuwa nimeshajua nani fundi wa gari lile.

Kaka mtu akashuka. Viatu vimepoteza umbo. Akasema, "Sasa angalau hao changu niwatoe kwenye moto, wataoza," akalikamata kapu kwa mikono miwili. Nikasema, "Shemeji, acha." Hakuacha. Akalinyanyua. Nailoni ilikuwa imechanika chini. Maji yote ya barafu, meusi kwa maranda, yakashuka juu ya kanzu nyeupe kuanzia kifuani mpaka kwenye soksi.

Akaliweka kapu chini, akaondoa kanga, akachimba maranda kwa mkono. Akachimba mpaka chini. Akatoa kitu kimoja, kidogo kama kidole changu cha mwisho. Kilikuwa kibua, samaki wa bei rahisi. Kilijiingiza na barafu sokoni, maskini, bila mtu kukiona.

Akakishika mkiani, akakiinua hewani. "Huyu ndiye changu?"

Muuza mananasi akaacha kisu. Nikaona hakuna pa kukimbilia. Nikasema yote. Mashine iliyofia Ujapani, kitaa cha uongo, mlango mdogo, utani wa fundi, barafu ya samaki. Nikasema hata habari ya mbwa na chapati, ambayo hakuna aliyeniuliza. Nikamgeukia mama yule, nikamwambia, "Bibie, nilisema neno moja pale Chalinze kwa sababu ulikuwa unasikiliza. Mengine yote nimekuwa nalibebea hilo moja mizigo."

Kaka mtu akasema, "Nyumba siioni tena. Turudi." Akakitupa kibua. Paka akaja.

Mambo yalikuwa yameishia hapo, kama alivyosema kwenye simu. Nikaanza kutafuta funguo.

Mama yule alikuwa ameketi juu ya kreti la mananasi. Mabega yanamtikisika. Nikadhani ni kifua, nikaogopa, nikataka kuomba maji. Kumbe ni kicheko, kile cha kukosa sauti. Akajifuta macho kwa mtandio. "Kaka," akasema, "nani atakaa kwenye nyumba hiyo? Mimi au wewe?"

"Wewe."

"Basi mimi nitaiona."

"Na joto? Na kifua chako?"

"Nimetoka Vigwaza mpaka hapa, hita imewashwa, na ninapumua. Aliyezimia ni kanzu yako. Tena mimi sikuwahi kuuliza habari ya gari. Uliyeuliza ni wewe."

Kaka akautazama mlango wa gari. Hangeweza kumwacha dada yake aende peke yake na mwanamume ambaye si mume wake, hiyo haipo. Akavua koti akalikamua. Akapanda nyuma, akapiga mlango.

Mama yule akapanda mbele, akasema atautazama mshale. Kutoka Kiwangwa mpaka Zinga alikaa ubavuni pangu, hita inawaka, vioo vimeshuka, miguu yake ameiweka upande kwa adabu, na kila baada ya muda ananiambia "punguza" au "sasa ongeza." Mtu yeyote aliyetuona angesema ni watu watatu wanaopikwa. Mimi nilikuwa natamani njia isiishe.

Nyumbani, majirani walikuwa wametoka kutazama wageni. Wakaona mzee mwenye kanzu ya rangi ya tope anashuka kwa kujivuta kwa mikono. Nikampa kikoi changu kikavu, nikaanika kanzu yake kambani. Akaketi barazani, upepo wa pale unapita moja kwa moja kutoka mashambani, akasema anapumzisha macho tu ili ahukumu vizuri. Akalala. Na nataka iandikwe kwamba alikoroma kunishinda mimi.

Basi nyumba ilikaguliwa na mwenyewe. Alifunua mtungi wa maji akanusa. Alitazama dari. Alifungua madirisha yote, moja moja, akasimama mbele ya kila moja kama anasubiri litamwambia nini. Chooni alikaa muda nikaanza kujiuliza nimesahau nini. Jikoni aliona sufuria ya wali wa jana, akachukua kijiko, akaonja, akakiweka kijiko chini taratibu sana.

"Hili," akasema, "ndilo ungenificha."

"Nilitaka."

"Kuna jingine?"

Nikafikiri kwa dhati. "Paa linavuja kwenye chumba cha pili. Na jirani wa kushoto ana jogoo mwendawazimu, anawika saa nane usiku."

"Haya," akasema. "Mwamshe kaka yangu umuulize. Umuulize vizuri, kama mtu, usipige kelele."

Nikaenda barazani. Nikamgusa bega. Akafumbua macho, akajiona amevaa kikoi cha mtu, akakumbuka yote kwa mara moja, nikaona yakipita usoni mwake kama ng'ombe wanaovuka barabara. Nikapiga magoti, nikasema, "Nimekuja kuomba jibu. Gari halina baridi. Nyumba ndiyo hii. Mimi ndiye huyu."

Akamtazama dada yake mlangoni. Yule alikuwa amesimama tu na kijiko changu mkononi, kama mtu aliyekwisha kuanza kazi.

"Nimekubali," akasema. "Kwa sharti. Leo narudi na basi. Na siku ya ndoa sisi wote tutakuja na basi, hata ukinunua ndege usitufuate."

Nikawasindikiza kwa miguu hadi barabarani. Kanzu haijakauka, ameibeba begani, kikoi changu kimemkaa vizuri kunizidi mimi. Basi la mjini likaja, wangebadili huko. Kaka mtu alipanda wa kwanza, akachukua kiti cha dirishani, akalisukuma dirisha lote mpaka mwisho na kutoa kichwa nje kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Mama yule akakaa nyuma yake. Basi lilipoanza kuondoka akanipungia mkono, mara moja tu, chini chini, kaka asione.